Kero za Dawa Nyumbani: Namna ya Kupima Msongo wa Wanaowatunza Wazee

Mzee mwenye shinikizo la juu la damu au kisukari anapofika kliniki siku yake ya kurudi, hupimwa uzito, hufungwa kipimo cha presha mkononi, na hutobolewa kidole ili kiwango cha sukari kijulikane. Matokeo huandikwa kwenye kadi yake. Aliyemleta, ambaye ndiye anayempa vidonge asubuhi na jioni kwa muda wote ulio kati ya ziara moja na nyingine, hukaa kando na mfuko wa dawa mapajani. Yeye hapimwi kitu, na mara nyingi haulizwi kitu. Hata hivyo, namba zilizoandikwa kwenye kadi ya mzee hutegemea kwa kiasi kikubwa hali ya mtu huyo: kama ameyaelewa maelekezo, kama alipata usingizi, kama ana nauli ya kufuata dawa zinapoisha, na kama bado ana subira ya kumbembeleza mzee anayekataa kumeza.

Makala haya yanaeleza jinsi msongo wa watu hao unavyoweza kupimwa, namna vipimo vilivyotungwa na wataalamu vinavyofanya kazi, na jinsi familia katika kata inavyoweza kunufaika navyo bila kungoja mradi wala kifaa cha gharama.

Kazi iliyomo ndani ya neno "kumpa dawa"

Kwa mtu aliye mbali, kumpa mzee dawa ni jambo la dakika moja: kidonge, maji, basi. Anayeifanya kazi hiyo kila siku anajua kuwa ndani yake mna kazi nyingi zilizofichika.

Ya kwanza ni kusoma maelekezo. Maandishi ya 1x3 kwenye kibahasha cha dawa humaanisha kidonge kimoja mara tatu kwa siku, na 2x2 humaanisha vidonge viwili mara mbili. Lakini maandishi hayo peke yake hayasemi kama dawa imezwe kabla ya chakula au baada yake, wala hayasemi la kufanya iwapo mzee ametapika muda mfupi baada ya kumeza. Saa nazo zina mtego wake. Dawa ya kila baada ya saa 12 huweza kutolewa saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, ilhali simu huonyesha 8:00 na 20:00. Mjukuu anayeandika kwa saa ya simu na bibi anayehesabu saa kwa Kiswahili wanaweza kupishana kwa saa sita nzima, kila mmoja akiamini kuwa amefuata alichoambiwa.

Ya pili ni kuzitambua dawa zenyewe. Dawa ileile inaweza kuja mwezi huu ikiwa kidonge cheupe cha duara, na mwezi ujao ikiwa kidonge kirefu cha njano, kwa sababu imetengenezwa na kiwanda kingine. Mtunzaji anayezijua dawa kwa rangi tu huweza kudhani kuwa mzee ameongezewa dawa mpya, akampa ile ya zamani na ya sasa kwa pamoja. Kwa kufanya hivyo atakuwa amempa dozi maradufu bila kujua.

Ya tatu, na ndiyo nzito kuliko zote, ni kuamua. Mzee hakula leo: apewe kidonge cha sukari au asipewe? Miguu imevimba: ni ugonjwa mpya, au ni dawa ya presha? Dawa zimebaki za siku mbili na tarehe ya kliniki ni wiki ijayo: zigawanywe, zinunuliwe dukani, au mzee apelekwe mapema? Maamuzi haya hufanywa na mtu ambaye hakusomea tiba, mara nyingi usiku, huku akijua kuwa akikosea atakayeumia ni mzazi wake.

Kwa nini kero ndogo zihesabiwe

Wataalamu walipoanza kupima msongo wa binadamu, waliyatazama kwanza mambo makubwa. Mwaka 1967, Thomas Holmes na Richard Rahe wa Marekani walitoa orodha ya matukio 43 ya maisha yanayomtaka mtu abadili mwenendo wake, kila tukio likiwa na alama zake. Kifo cha mume au mke kiliwekwa juu kabisa kwa alama 100. Kwa kipimo hicho, mtu asiyefiwa, asiyeachika na asiyefukuzwa kazi angeonekana kuwa na msongo mdogo.

Mwaka 1981, Allen Kanner, Richard Lazarus na wenzao walichapisha utafiti uliotazama upande mwingine. Waliwafuatilia watu wazima 100 kwa miezi kadhaa, wakahesabu yale mambo madogo yanayoudhi na kurudi kila siku. Walibaini kuwa mambo hayo madogo yalieleza dalili za msongo vizuri zaidi kuliko matukio makubwa. Kiswahili kina neno linalotosha kabisa kwa mambo hayo, nalo hutumika katika kila mkutano wa kijiji na mtaa: kero.

Kumpa mzee dawa ni mfano ulio wazi wa kero za namna hiyo. Hakuna siku moja ambayo mtunzaji anaweza kuitaja na kusema kuwa ndiyo iliyomwangusha. Kuna kibahasha kisichosomeka, foleni ya dirisha la dawa, kidonge kilichotemwa, ndugu anayepiga simu kulaumu, na kengele ya saa kumi na moja alfajiri. Kila kero peke yake huvumilika. Zinaporudi kila siku kwa miaka, mwili na akili huanza kulipa.

Malipo hayo yamepimwa. Mwaka 1995, Janice Kiecolt-Glaser na wenzake nchini Marekani walilinganisha wanawake 13 waliokuwa wakiwatunza ndugu wenye ugonjwa wa usahaulifu na wanawake 13 wasiotunza mgonjwa, wa umri unaokaribiana. Wote waliwekewa jeraha dogo lenye kipimo kimoja mkononi. Kwa watunzaji, jeraha lilichukua wastani wa siku 48.7 kupona, kwa wengine, siku 39.3. Kupona kwa jeraha la watunzaji kulikuwa kumechelewa kwa siku tisa na ushei.

Mwaka 1999, Richard Schulz na Scott Beach walitoa matokeo ya kuwafuatilia wazee wanaoishi na wenzi wao kwa takriban miaka minne. Waliokuwa wakiwatunza wenzi wao huku wakielemewa walikuwa na hatari ya kufariki iliyozidi kwa asilimia 63 ile ya wasio na mtu wa kumtunza. Jambo la kuzingatia katika utafiti huo ni kwamba waliokuwa wakitunza bila kuelemewa hawakuonekana kuwa na ongezeko hilo la hatari. Kinachodhuru, basi, ni ule utunzaji uliopita nguvu za mtu na ambao haukupata wa kusaidia. Kuelemewa kunaweza kupunguzwa, ikiwa kumetambuliwa mapema. Hapo ndipo umuhimu wa kupima ulipo.

Vipimo vilivyopo

Msongo unaweza kutafutwa mwilini, kwa mfano kwa kupima homoni ya kotisoli kwenye mate au damu. Njia hiyo huhitaji maabara, na haiwezi kueleza msongo umetoka wapi. Kwa hiyo wataalamu wa utunzaji hutumia zaidi madodoso, yaani maswali yaliyopangwa ambayo majibu yake hupewa alama. Matatu kati ya hayo yanafaa kufahamika.

La kwanza hujulikana kwa jina la Steven Zarit, aliyelitunga na wenzake mwaka 1980 walipokuwa wakichunguza familia za wazee wenye ugonjwa wa usahaulifu. Toleo linalotumika sana lina maswali 22. Kila swali hujibiwa kwa alama kuanzia 0, yaani kamwe, hadi 4, yaani karibu kila mara, hivyo jumla huwa kati ya 0 na 88. Dodoso hili hutazama maisha yote ya mtunzaji: muda wake, afya yake, fedha zake, na uhusiano wake na watu wengine.

La pili ni la Betsy Robinson, la mwaka 1983. Lina maswali 13 ya ndiyo au hapana, kama vile iwapo usingizi unakatika, iwapo kazi ya kutunza inauchosha mwili, na iwapo fedha zimekuwa tatizo. Kila ndiyo ni alama moja. Anayefikisha alama saba au zaidi huhesabiwa kuwa anahitaji kuangaliwa kwa karibu. Ufupi wake ndio faida yake, kwani huweza kumalizika katika dakika chache za kungoja kliniki.

La tatu ndilo linalohusu dawa moja kwa moja. Lilitungwa na Shirley Travis na wenzake na kuchapishwa mwaka 2003. Lina maswali 24 kuhusu kero za kumpa ndugu mzee dawa, na kila moja hupewa alama 0 hadi 5, hivyo jumla haiwezi kuzidi 120. Ubora wa dodoso hili upo katika mpangilio wake. Kero zimegawanywa katika maeneo manne: kupata na kutoa taarifa, usalama wa dawa, ratiba na ufuatiliaji, na wingi wa dawa. Kwa mpangilio huo, kipimo huonyesha uzito wa mzigo na pia mahali unapobana.

Jumla moja, mizigo miwili

Faida ya kuyatenga maeneo hayo manne huonekana kwa mfano. Chukua watunzaji wawili katika mtaa mmoja, kila mmoja akiulizwa swali moja kwa kila eneo na kujibu kwa alama 0 hadi 5. Wa kwanza anajipa 5 kwa taarifa, 4 kwa usalama, 1 kwa ratiba na 0 kwa wingi wa dawa. Wa pili anajipa 1 kwa taarifa, 1 kwa usalama, 5 kwa ratiba na 3 kwa wingi wa dawa. Wote wawili wana jumla ya 10 kati ya 20, na anayetazama jumla peke yake atasema hali zao zinalingana.

Mahitaji yao hayafanani hata kidogo. Wa kwanza ana muda, lakini ana hofu kwa sababu hajui anachokifanya. Nusu saa pamoja na mfamasia inaweza kumwondolea sehemu kubwa ya msongo. Wa pili anajua kila kitu kuhusu dawa hizo. Tatizo lake ni kuwa yuko peke yake, ana genge la kufungua alfajiri, na mzee ana dawa saba za saa tofauti. Kumpa semina kuhusu matumizi sahihi ya dawa ni kumwongezea kazi. Anahitaji mtu wa kumpokea zamu, na daktari wa kupitia upya orodha ya dawa.

Kila eneo na nafuu yake

*Taarifa.* Mtunzaji ana haki ya kuuliza na kuelezwa. Kwa kila dawa, maswali matano yanatosha: inaitwaje, inatibu nini, imezwe lini na kwa namna gani, ina madhara gani ya kuangaliwa, na nini kifanyike dozi moja ikisahaulika. Majibu yaandikwe kwenye daftari moja la mzee, kwa jina la dawa badala ya rangi yake. Saa ziandikwe kwa maneno pamoja na wakati wa siku, kama "saa mbili asubuhi baada ya uji", ili asiwepo wa kuzisoma kwa namna mbili.

*Usalama.* Dozi iliyosahaulika isifidiwe kwa kumpa mzee dozi mbili kwa pamoja bila ushauri wa mtaalamu. Mzee anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari kama glibenklamidi yuko hatarini iwapo amepewa dawa na hakula. Kutetemeka, jasho jingi, njaa ya ghafla na kuchanganyikiwa ni dalili za sukari kushuka. Akiwa na fahamu na anaweza kumeza, apewe maji ya sukari mara moja na afikishwe kituoni. Akiwa amepoteza fahamu, asiwekewe kitu kinywani, bali akimbizwe kituoni. Dawa za maumivu za aina ya diklofenaki, ambazo wazee wengi huzitaka kwa ajili ya magoti na mgongo, zinaweza kupandisha presha na kudhuru figo. Zisinunuliwe kabla ya muuzaji kuambiwa dawa nyingine zote anazotumia mzee, zikiwamo za mitishamba. Insulini isiachwe juani wala isigandishwe. Pasipo na jokofu, mtoa huduma aulizwe namna ya kuihifadhi mahali pa baridi, kwa mfano ndani ya chombo kilichowekwa katika mtungi wa udongo.

*Ratiba.* Dawa hukumbukwa vizuri zaidi zikifungwa na jambo ambalo tayari hufanyika kila siku: uji wa asubuhi, swala, taarifa ya habari ya redioni. Tarehe ya dawa kuisha ihesabiwe siku zinapochukuliwa, na iandikwe pamoja na tarehe ya kurudi kliniki. Zikipishana, kituo kielezwe mapema. Kwa Mwislamu anayekusudia kufunga Ramadhani, au Mkristo anayefunga Kwaresima, saa za dawa zipangwe upya na mtaalamu kabla ya mfungo kuanza.

*Wingi wa dawa.* Mzee anayetumia dawa tano au zaidi kwa wakati mmoja yuko katika hali ambayo wataalamu huichunguza kwa uangalifu wa pekee, kwa kuwa dawa huweza kugongana. Wakati mwingine dawa ya pili hutolewa ili kutibu madhara ya dawa ya kwanza. Amlodipini, kwa mfano, ni dawa nzuri ya presha, lakini kwa baadhi ya watu huvimbisha miguu, na uvimbe huo ukidhaniwa kuwa ugonjwa mpya huzaa dawa nyingine. Njia bora ni kubeba dawa zote zilizomo nyumbani, za hospitali, za dukani na za asili, katika mfuko mmoja, na kuomba zipitiwe. Mtunzaji asiache wala asipunguze dawa kwa uamuzi wake mwenyewe.

Ugumu wa kuuliza na wa kujibu

Dodoso lililotungwa Marekani haliwezi kutafsiriwa neno kwa neno na kupelekwa kijijini likitarajiwa kutoa majibu ya kweli. Neno "mzigo" lenyewe ni mtihani. Mtoto anayemtunza mama yake hutafuta radhi zake, na akiulizwa kama mama ni mzigo atajibu hapana hata kama hajalala siku tatu. Wengi wakiulizwa hali hujibu kuwa wanamshukuru Mungu, na mazungumzo huishia hapo. Jibu hilo ni la adabu, nalo halipaswi kuchukuliwa kuwa ni kipimo.

Kwa sababu hiyo, maswali yaelekezwe kwenye kazi na yasiguse upendo. Badala ya kuuliza kama mtu amechoka kumtunza baba, aulizwe: katika wiki iliyopita, ni mara ngapi ulikuwa na shaka kama umempa dawa iliyo sahihi? Ni usiku mara ngapi uliamka kwa ajili yake? Ni mara ngapi ulikosa kwenda shambani, kazini au ibadani kwa sababu ya dawa? Maswali ya namna hiyo hujibika bila mtu kujiona amemvunjia mzazi heshima. Yaulizwe faragha, mzee asiwepo, kwani hakuna mtoto mwenye adabu atakayeeleza uchovu wake mbele ya anayemtunza.

Ni lazima pia aulizwe mtu anayestahili. Katika familia nyingi, anayezungumza na daktari ni mwana wa kiume aliyekuja kutoka mjini, au yule anayetuma fedha. Anayetoa vidonge ni mkwe, mjukuu, au binti wa kazi. Hao ndio wanaopokea maelekezo yakiwa yamepita kwa watu wawili au watatu, na ndio wa mwisho kuulizwa wanahitaji nini. Pale ambapo mtoa dawa ni mtoto wa shule, familia itazame upya mgawanyo wa kazi. Mtoto anaweza kumkumbusha bibi saa ya dawa. Kuachiwa peke yake sindano ya insulini, au kukosa masomo kila siku ya kliniki, ni kubebeshwa jukumu la mtu mzima.

Zoezi ambalo kila familia inaweza kulifanya

Familia inaweza kuanza kwa karatasi moja. Anayempa mzee dawa aandike, kwa alama 0 hadi 5, kiasi anachosumbuliwa na kila moja ya mambo yafuatayo katika mwezi uliopita:

1. Kupata maelezo ya dawa na kueleweka anapouliza.
2. Hofu ya kukosea, au ya dawa kumdhuru mzee.
3. Kukumbuka saa za dawa, kufuata dawa kituoni, na kuoanisha ratiba na kazi nyingine.
4. Wingi wa dawa na mabadiliko yake.

Sifuri ni kutosumbuliwa kabisa, na tano ni kusumbuliwa mno. Zoezi hili ni la kufungulia mazungumzo, na halichukui nafasi ya uchunguzi wa mtaalamu. Hakuna alama ya kufaulu wala ya kufeli, na asiyeelemewa leo huweza kuelemewa kesho, hali ya mzee ikibadilika. Kwa hiyo lirudiwe kila baada ya miezi mitatu, au wakati wowote dawa zinapobadilishwa, na karatasi zitunzwe pamoja. Mtu hulinganishwa na hali yake mwenyewe ya awali. Aliyekuwa na 6 mwezi wa pili na sasa ana 14 ametoa taarifa muhimu, hata kama jirani yake ana 16.

Eneo lililopata 4 au 5 ndilo la kushughulikiwa kwanza. Kikao cha familia kisiishie kwenye pole na ahadi. Kiamue nani atapokea zamu ipi, nani atagharamia nauli ya kufuata dawa, na nani atakaa na mzee walau siku moja kwa wiki ili mtunzaji apumzike. Ndugu aliye mbali anaweza kupewa kazi halisi, kama vile kupiga simu kila jioni kuthibitisha dozi ya usiku, au kufuatilia tarehe za kliniki.

Mahali pa kupeleka tatizo

Karatasi yenye alama hizo ipelekwe zahanati au kituo cha afya siku ya kliniki ya mzee, pamoja na daftari la dawa. Maswali ya dawa huelekezwa kwa mfamasia au mtoa dawa, na ombi la kupitia upya orodha ya dawa huelekezwa kwa daktari au tabibu. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimtambua mzee kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea. Kituo chenye dirisha la wazee hutoa huduma kwa kipaumbele, na mtunzaji aulize utaratibu wake pamoja na vielelezo vinavyohitajika. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anaweza kufika nyumbani na kuona dawa zinavyohifadhiwa na kutolewa. Afisa ustawi wa jamii ndiye wa kuendewa pale familia inapovutana kuhusu nani amtunze mzee, au mtunzaji anapokuwa peke yake kabisa. Ofisi ya mtendaji wa kijiji, mtaa au kata huelekeza anakopatikana.

Zipo dalili zisizongoja siku ya kliniki. Mtunzaji asiyepata usingizi hata mzee anapolala, anayelia mara kwa mara bila sababu iliyo wazi, aliyeanza kutegemea pombe, anayejikuta akimfokea mzee au kutamani kumpiga, au anayewaza kujidhuru, anahitaji msaada siku hiyohiyo. Aende kituo cha afya kwa ajili yake mwenyewe, na aseme hivyo anapoandikishwa, ili afunguliwe cheti chake. Jirani au ndugu anayeziona dalili hizo ampeleke, na wakati huo dawa za mzee zishikwe na mtu mwingine aliyekwisha kuonyeshwa daftari.

Kwa sababu hiyo, kila nyumba yenye mzee anayetumia dawa iwe na angalau watu wawili wanaozijua dawa hizo kwa majina na kwa saa zake. Mtu wa pili aanze kujifunza sasa, wakati wa kwanza bado ana nguvu za kumfundisha.